Radhi Elfu kwa Daktari Watson

Behewa la treni ya chini ya ardhi limesimama katika njia iliyoachwa, chini kabisa ya jengo la Bunge la Uingereza. Kifuniko cha sakafu kimeinuliwa, na chini yake kuna bomu lenye saa inayohesabu kurudi nyuma. Sherlock Holmes amepiga magoti mbele ya bomu hilo, mikono inamtetemeka, na anasema hajui la kufanya. Kisha anamwomba John Watson amsamehe kwa maumivu yote aliyomtia. Watson, ambaye kwa miaka miwili aliamini kwamba rafiki yake yumo kaburini, anajikaza, anatafuta maneno kwa shida, na mwishowe anamwambia kwamba yeye ndiye mtu bora na mwenye hekima kuliko wote aliopata kuwajua, na kwamba ndiyo, amemsamehe. Anafumba macho kungoja mlipuko.

Anachosikia ni kicheko.

Bomu lilikuwa na swichi ya kulizima, na Holmes alikuwa ameshaibonyeza. Polisi nao walikuwa wamekwisha kuitwa. Machozi, magoti na ile mikono iliyotetemeka, vyote vilikuwa mchezo wa kumtoa Watson maneno ambayo asingeyasema kwa hiari yake.

Sehemu hiyo ya tamthilia ya Sherlock ilirushwa na BBC tarehe 1 Januari 2014. Niliitazama upya hivi karibuni pamoja na mdogo wangu, aliyekuwa akiiona kwa mara ya kwanza, naye alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi kicheko kilinikwama, na wiki zilizofuata nikawa narudi kwenye behewa lile nikiwa katikati ya shughuli nyingine kabisa, nikijiuliza ni nini hasa kinachonikera katika tukio lililoandikwa kwa ustadi, likachezwa na Benedict Cumberbatch na Martin Freeman kwa ustadi zaidi.

Maneno yaliyoazimwa

Sababu ya kwanza niliipata nilipofungua vitabu. Maneno anayoyasema Watson behewani si ya watunzi wa televisheni. Ni ya Arthur Conan Doyle, na ndiyo yanayofunga hadithi ya mwaka 1893 ambamo Holmes anatoweka kwenye maporomoko ya Reichenbach, kule Uswisi. Watson wa hadithi hiyo anaandika akiwa peke yake, akiamini kwamba rafiki yake amekufa, na mtunzi wake naye alikuwa amedhamiria kumzika mpelelezi huyo moja kwa moja. Hakuna aliyemshurutisha. Sifa ile ni buriani ya mtu ambaye hatarajii kujibiwa.

Mark Gatiss, aliyeandika sehemu hiyo ya behewa, ameishi na vitabu hivi tangu utotoni, na Steven Moffat, mwenzake katika kuibuni tamthilia hii, vilevile, kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba hawakujua wanachokichukua. Waliyachukua maneno ya msiba wakayatia kwenye ndoana.

Doyle alipomrudisha Holmes mwaka 1903, alikuwa na tatizo lilelile la kutatua: mtu aliyejifanya marehemu atamtazamaje rafiki aliyemlilia? Holmes anaingia katika chumba cha kazi cha daktari akiwa amejigeuza mzee muuza vitabu. Watson anageuka kuitazama kabati, na anaporudisha macho anamwona Holmes mwenyewe akitabasamu upande wa pili wa meza. Anazimia, na anasema ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Anapozinduka, ukosi wa shati lake umefunguliwa, midomo ina ladha ya brandi, na Holmes amemwinamia akiwa na chupa mkononi. Jambo la kwanza analolisema Holmes ni kwamba anawiwa na Watson radhi elfu moja, kwa maana hakudhani kwamba angeguswa kiasi hicho.

Kunywesha brandi, kufungua ukosi, kuomba radhi. Maelezo ya alivyonusurika yanakuja baadaye. Katika televisheni mpangilio umegeuzwa: Holmes anaingia mkahawani akiwa amejichorea masharubu na kuiga mhudumu wa Kifaransa, anatania, anapigwa, wanafukuzwa, wanahamia mkahawa wa hali ya chini zaidi, anapigwa tena, wanahamia duka la kebabu, anapigwa kwa mara ya tatu. Inachekesha, sikatai. Lakini kati ya ngumi hizo zote hakuna radhi inayokaa kwa muda wa kutosha ili Watson aijibu, na inapokuja ile inayokaa, ndani ya behewa, ni ya uongo.

Saa ya mfukoni na simu ya mkononi

Nikaanza kushuku kwamba jambo hili lilikuwapo tangu siku ya kwanza, nikarudi kwenye sehemu ya tarehe 25 Julai 2010, ile ya kufungulia pazia.

Ndani ya teksi, Holmes anamweleza Watson jinsi alivyomsoma kupitia simu yake. Simu ni ya gharama, na mtu anayetafuta wa kuchangia naye kodi ya nyumba asingeinunua, kwa hiyo amepewa. Nyuma imechongwa jina la Harry na la Clara aliyempa. Pembeni mwa tundu la chaji kuna mikwaruzo mingi, alama ya mkono unaotetemeka kila usiku unapotafuta mahali pa kuchomeka waya, nao ni mkono wa mlevi. Kila kitu amepatia, isipokuwa kwamba Harry ni dada na si kaka. Watson anasema ni ajabu kubwa. Holmes anashangaa, kwa kuwa watu kwa kawaida humtukana. Kisha anaudhika kwa kukosea hilo moja.

Wasomaji wa Doyle wanalijua tukio hili kwa umbo lake la mwaka 1890. Watson anampa Holmes saa ya mfukoni, kwa nia ya kumjaribu na pia kumpunguzia majivuno kidogo. Ndani ya kifuniko mna namba ndogo zilizokwaruzwa kwa ncha ya sindano, kama walivyozoea kufanya wenye maduka ya rehani wa Uingereza, na namba hizo si chini ya nne. Kuzunguka tundu la ufunguo kuna mikwaruzo maelfu. Holmes anahitimisha: saa ilikuwa ya kaka yake mkubwa, mtu mzembe aliyeanza maisha na matumaini mema, akayapoteza, akawa fukara, mara chache akapata nafuu, akaishia kwenye ulevi, akafa.

Watson anaruka kutoka kitini na kuanza kuchechemea huku na huko chumbani, moyo umejaa uchungu. Anamtuhumu Holmes kwamba alikwenda kuchunguza habari za marehemu kaka yake, kisha anajifanya kuzipata kwa kuitazama saa tu. Holmes anamwomba radhi. Anakiri kwamba alilitazama jambo hilo kama fumbo tupu, akasahau jinsi lilivyokuwa lake Watson mwenyewe, na jinsi lingeweza kumuuma.

Kuibadili saa kuwa simu ni kazi ya kupigiwa makofi. Mikwaruzo ya ufunguo imekuwa mikwaruzo ya chaji, mlevi amebaki mlevi, na mantiki imevuka miaka 120 bila kupungua. Kilichoachwa njiani ni kaburi. Harry wa televisheni yu hai, Watson haumii, na kwa kuwa haumii, Holmes hana la kumwomba radhi. Nafasi iliyokuwa ya uchungu imejazwa na sifa.

Sukari kwenye kahawa

Kuna tukio jingine dogo, la Januari 2012, katika sehemu inayofanyika Dartmoor, mbuga ya Uingereza inayosemekana kuwa na jibwa la kutisha. Usiku, mbele ya moto, Holmes aliyeshikwa na hofu asiyoizoea anamfokea Watson kwamba yeye hana marafiki. Asubuhi anamfuata makaburini na kumwambia kwamba ni kweli hana marafiki, anaye mmoja tu. Nilipoitazama mara ya kwanza nilidhani, naam, hii hapa sasa. Muda mfupi baadaye anamtengenezea Watson kahawa kwa mkono wake. Watson anamkumbusha kwamba hatumii sukari, lakini anakunywa hata hivyo, kwa kuwa anaelewa kwamba kikombe hicho kimeletwa kama suluhu.

Sukari ile ilikuwa jaribio. Holmes aliamini kwamba dawa inayowatia watu wazimu imo ndani yake, akaamua kumtumia rafiki yake kupima, halafu akamfungia katika maabara yenye giza ili aone kama ataota jibwa. Wala dawa haikuwa kwenye sukari.

Kahawa ile na bomu lile ni hila ya aina moja. Katika zote mbili Holmes anatumia umbo la kuomba radhi, kwa sababu ameshagundua kwamba mbele ya umbo hilo Watson hulegea, na Watson akilegea ni rahisi kumtumia.

Lakini wa vitabuni naye je?

Hapa nilikwama, na rasimu ya kwanza ya makala hii nikaifuta.

Kwa maana Holmes wa Doyle naye ni mwongo wa kutupwa. Katika kisa cha jibwa la Baskerville, kilichochapishwa mwaka 1901 na 1902, anamtuma Watson Dartmoor peke yake, kisha anajificha katika kibanda cha mawe palepale mbugani huku Watson akimwandikia ripoti ndefu za kumtumia London. Katika kisa kingine, cha mwaka 1913, anajifanya yu mahututi, anakaa siku tatu bila kula wala kunywa, anamwambia daktari aliyemtumikia miaka yote kwamba uwezo wake ni wa kawaida tu, na anamfanya ahangaike kwa ajili ya maradhi yasiyokuwapo. Mtu akinionyesha visa hivyo na kuniuliza kwa nini nawalaumu Moffat na Gatiss kwa kosa ambalo Doyle alilitenda mara kadhaa, nimjibu nini?

Jibu la haraka, kwamba siku hizo watu walikuwa na adabu zaidi, halinitoshi. Nilisoma tena ukurasa wa kibanda cha mawe. Watson anapogundua kwamba amechezewa, anamwambia Holmes usoni kwamba anamtumia lakini hamwamini, na kwamba alidhani anastahili kutendewa vyema zaidi. Anasema sauti yake ilitetemeka alipokumbuka jinsi alivyozihangaikia ripoti zile na jinsi alivyojivunia kuziandika. Holmes anazitoa mfukoni zikiwa zimechakaa kwa kusomwa, maana alipanga ziletwe kwake kwa siri.

Tetemeko la sauti tunalijua kwa kuwa Watson ameamua tulijue.

Aliyeshika kalamu

Hadithi za Doyle kuhusu Holmes ni 60, na 56 kati yake zinasimuliwa na Watson. Mbili anazisimulia Holmes mwenyewe, na katika moja ya hizo analalamika waziwazi kwamba laiti Watson angekuwapo, kisa kingenoga zaidi. Aliyechezewa ndiye anayeandika habari za kuchezewa kwake, na anaweka kipimo cha kosa, wakati wa radhi na uzito wa jibu. Holmes anaweza kumdanganya kwenye ukurasa wa kumi, lakini ukurasa wa ishirini uko mikononi mwa Watson. Wasomaji wa riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla watanielewa: kiko cha mpelelezi Bwana Msa hakina utamu kama mwenzake Najum hayupo karibu kushangaa na kuuliza.

Tamthilia ya BBC iliichukua kalamu hiyo ikaipa kamera. Tangu sehemu ya kwanza, Holmes anapochunguza maiti ya mwanamke aliyevaa nguo za rangi ya waridi, maneno yanaelea kwenye kioo: pete ya ndoa ni chafu kwa nje na safi kwa ndani, hivyo huvuliwa mara kwa mara. Mkurugenzi Paul McGuigan alibuni njia ya kutuingiza moja kwa moja kichwani mwa mpelelezi, na sidhani kuna tamthilia ya upelelezi baada ya hapo ambayo haikuiba kitu humo. Hata hivyo hatukumhitaji tena Watson ili tuone. Tunaona kabla yake, pamoja na Holmes, na wakati Watson anaduwaa sisi tumeshajua. Blogu ya kusimulia visa vyao anayo, inatajwa na hata kutaniwa, lakini haituongozi. Ndani ya behewa lile kamera imesimama upande wa mwenye siri ya swichi, na Watson anabaki kuwa mtu anayetazamwa akilia.

Kule Brooklyn

Elementary, tamthilia nyingine ya Holmes wa siku hizi, ilipoanza katika kituo cha CBS tarehe 27 Septemba 2012, wengi waliiona kama nakala ya Kimarekani iliyokuja kuvuna umaarufu wa wengine. Nyongeza ya kuchekesha ni kwamba Jonny Lee Miller, Holmes wa New York, na Cumberbatch, Holmes wa London, walikuwa wamepokezana nafasi za Frankenstein na kiumbe chake katika jukwaa la National Theatre mwaka 2011, usiku huu mmoja akiwa muumba na usiku mwingine akiwa muumbwa.

Mtunzi Robert Doherty alianzia mahali tofauti kabisa. Holmes wake ametoka kutibiwa uraibu wa heroini, na baba yake amemwajiri Joan Watson, aliyekuwa daktari mpasuaji mpaka mgonjwa alipomfia, akae naye nyumbani ili asirudie dawa. Watson, aliyechezwa na Lucy Liu, anaingia akiwa msimamizi. Katika sehemu ya kwanza anauliza Holmes aligunduaje kwamba baba yake Joan aliwahi kuwa na hawara, na Holmes anajibu kwamba aliisoma kwenye Google, kwa kuwa si kila kitu hupatikana kwa mantiki. Usasa umetumika hapo kumshusha mpelelezi ngazi moja, na mimi naupenda kuliko maandishi yote yanayoelea.

Uraibu ule si pambo. Holmes huyu anahudhuria mikutano, ana mlezi wa kumshika mkono, na anafuata hatua 12 za waraibu wanaoacha dawa, ambazo ya tisa inamtaka mtu awaendee wale aliowadhuru na kurekebisha alichokiharibu. Waliowahi kufika kwenye soba hausi za Unguja hawahitaji kuelezwa. Kuomba radhi, kwa mtu wa namna hii, ni kazi yenye ratiba, na inaweza kukataliwa.

Katika msimu wa pili inakataliwa. Mtu ambaye Holmes alimwanika ovyo katika uchunguzi anarudi na bastola, na risasi iliyomlenga Holmes inampata mpelelezi wa polisi Marcus Bell. Mkono wa Bell unabaki ukitetemeka. Holmes anamwendea na kujitolea kumsaidia apone, Bell anamkatalia, na kupatana kwao kunasubiri sehemu nyingine za mbele. Mwanzoni mwa msimu wa tatu, Holmes anarejea kutoka London alikokwenda ghafla, akiwa amemwachia Joan ujumbe mfupi tu. Ni kurudi kwa Holmes kulekule kwa mwaka 1903, bila kaburi. Joan hazimii wala hampigi. Ana kazi yake na wateja wake, na Holmes inambidi asubiri idhini yake ndipo arudi kufanya kazi na polisi wa jiji.

Sisemi kwamba Elementary ni kazi bora kuliko ile ya BBC. Wauaji wake wengi siwakumbuki, na kuna majuma ambayo fumbo lilikuwa chakula cha jana kilichopashwa moto. Ila ilikuwa na sehemu 154 katika misimu saba, wakati Sherlock ilikuwa na 13 kwa miaka karibu saba, na nadhani hesabu hiyo inaeleza mengi. Anayekutana na watazamaji kila wiki anaweza kuliacha jeraha lipone polepole. Anayewaona mara tatu kila baada ya miaka miwili au mitatu anashawishika kugeuza kila hisia kuwa mlipuko.

Norbury

Mwaka 1893 Doyle aliandika kisa ambacho Holmes anakosea tangu mwanzo hadi mwisho, mahali paitwapo Norbury. Usiku anamwambia Watson kwamba akimwona anaanza kujiamini kupita kiasi, amnong'oneze jina hilo sikioni. Ni moja ya nyakati chache ambazo Holmes anamkabidhi mwenzake hatamu.

BBC waliitumia Januari 2017. Norbury ni jina la mwanamke ambaye Holmes anamkejeli mpaka anafyatua risasi, na Mary, mkewe Watson, anakufa. Holmes anatoa ombi lilelile, karibu kwa maneno yaleyale, lakini anayeombwa ni Bi Hudson, mwenye nyumba. Watson hayupo. Amesema hataki kumwona.

Nikiri kwamba sehemu inayofuata, ya 12 kati ya zile 13, ilinitikisa nilipoirudia, kwa maana inakaribia kuvuruga kila nilichoandika hapa. Hila zote zimekwisha, wawili hao wamebaki chumbani, na Watson anakiri kwamba alikuwa akiandikiana ujumbe kwa siri na mwanamke mwingine wakati Mary yu hai. Analia. Holmes anasimama, anavuka chumba, anamkumbatia, na hakuna swichi iliyofichwa mahali popote. Mwenye kuungama safari hii ni Watson, na Holmes ndiye anayepokea. Laiti wangeliishia hapo.

Hawakuishia hapo. Sehemu ya mwisho ina dada aliyefichwa, gereza la kisiwani, na mitihani ya kuchagua nani auawe. Ikiisha, inakuja diski iliyoachwa na marehemu Mary, na ni sauti yake inayotueleza wanaume wawili hawa walikuwa nani kwa kila mmoja na kazi yao ilikuwa na maana gani. Watson, mwenye blogu, ameketi kando ya Holmes akiitazama.